Kalulu, Mwambie

Jumapili ya mavuno Mzee Asegelile alirudi kutoka kanisani amekumbatia sungura mweupe ndani ya koti lake la suti. Alipofika uani kwa mwanawe Gideoni, pale Ndandalo, akatangaza kwamba mnyama huyo hachinjwi. Alimpata mnadani baada ya ibada, kati ya mikungu ya ndizi na majogoo waliofungwa miguu. Watu walicheka alipoinua mkono. Mgane wa umri ule, anayeishi chumba cha uani kwa mwanawe tangu maji yalipobeba nyumba yake kule Ikolo, sungura wa nini?

"Baba, huyo ni kitoweo," Gideoni alisema. "Hata mchungaji alisema kitoweo."

"Mchungaji amchinje wake."

Veronika, mke wa Gideoni, ambaye wengi humwita Mama Neema, aliyasikia hayo akiwa jikoni, nyuma ya ukuta wa matete. Hakutoka kuja kushangaa sungura, kwa sababu baba mkwe wake alikuwa uani, na katika ukoo ule mwanamke aliyeolewa hamwoni baba mkwe usoni, hampi kitu mkononi, haingii chumbani kwake na wala hamsemeshi. Vijana wengi wa Kyela wameshaachana na mambo hayo. Wanakaa sebuleni na wakwe zao wanaangalia tamthilia. Lakini Mzee Asegelile alikuwa mtu wa zamani, na Veronika, binti wa wafinyanzi wa Kikisi kutoka kandokando ya ziwa, aliahidi siku ya kuolewa kwamba hatawaaibisha wazazi wake. Basi mzee akitaka kupita anakohoa, Veronika anajificha. Veronika akipeleka chakula anakiweka mlangoni, anagonga, anaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Nyumba moja, choo kimoja, kisima kimoja, na watu wawili ambao hawajawahi kutazamana. Ukilifikiria sana jambo hilo utachoka, na Veronika alishaacha kulifikiria.

Sungura hakuweza kukaa nje. Mvua za Kyela hazina adabu, maji yalisimama uani hadi bata wakaona raha, na mbwa wa jirani alishaanza kuzunguka huku anameza mate. Kwa hiyo sungura akalala chumbani kwa mzee, akakojoa chini ya kitanda, akakojoa kwenye viatu vya kanisani, na siku moja akapanda juu akakojoa kwenye blanketi. Gideoni ndiye aliyefanya usafi, kwa kuwa mke wake haruhusiwi kuingia mle. Alideki amejifunga shati puani, akatoka machozi yakimtoka.

"Mnyama huyu atanitoa uhai," alisema. "Mimi vitu vya haja siwezi. Tangu utoto siwezi."

Aliyewaokoa ni Doreen, afisa mifugo wa kata, aliyepita kuchanja kuku. Gideoni alimwuliza nusu kwa utani kama sungura anaweza kufundishwa choo.

"Sungura anafundishika kuliko mume," Doreen alijibu bila kushuka kwenye pikipiki. "Ana kona yake anayoipenda. Usibishane naye, weka chombo palepale. Chukua kinyesi chake kidogo utie humo, anuse, ajue ndiyo choo. Nyasi weka kandokando ya chombo, maana anakula huku anajisaidia, yeye hana aibu kama sisi. Na akikosea usimpige. Ukimpiga atakuogopa wewe, choo hatakijua."

Veronika akatoa chungu chake kipana, kimojawapo cha vile alivyokuja navyo kutoka kwao. Gideoni akakijaza kitu cha kwanza alichokiona uani, maganda makavu ya kokoa, akakiweka konani kwa baba yake, akaenda zake shambani ameridhika kabisa.

* * *

Kesho yake, Gideoni akiwa ameshaondoka, Veronika alikuwa anakoroga uji aliposikia mzee anakohoa. Akarudi nyuma ya ukuta kama kawaida, akangoja apite. Mzee hakupita. Akakohoa tena. Kisha ikatoka sauti ndani ya kile chumba, sauti kubwa ya mtu anayejisukuma mwenyewe.

"Kalulu! Mwambie mwenye jiko kwamba unatetemeka, na tangu jana hujala kitu."

Mwiko ulimponyoka Veronika ukaangukia majivuni. Kalulu ni sungura tu, kwa Kinyakyusa. Maneno yalikuwa ya sungura, hakuna mzee wa ukoo ambaye angeweza kusema Asegelile amemsemesha mke wa mwanawe. Lakini mwenye jiko alikuwa nani, kama si yeye? Aliinua simu akampigia Doreen, akaeleza, na Doreen akapiga kelele hadi simu ikakwaruza: maganda ya kokoa yana sumu kwa sungura, ametafuna, wayatoe upesi.

Veronika akasimama, mgongo ameugeuzia mlango wa mzee.

"Kalulu," alisema, "mwambie babu amwage hayo maganda yote. Yanakudhuru. Nakuletea pumba za mpunga na maji safi, naweka mlangoni."

Halafu chungu kikatokeza kwenye kizingiti, kimesukumwa kwa ncha ya fimbo. Veronika alikikung'uta, akakisugua kwa majivu, akakijaza pumba, akakirudisha, akagonga, akakimbia. Sungura alipona. Mzee alimbembeleza kwa majani ya viazi vitamu, jani mojamoja, mpaka akaanza kutafuna.

Tangu hapo ukawa ndio utaratibu wao. Kila asubuhi, Gideoni akishatoka, fimbo inagonga, chungu kinatokeza, Veronika anamwaga, anajaza, anarudisha. Sungura akaelewa choo chake. Mara mbili tatu alikosea, mzee akaokota vinyesi akavirudisha chunguni bila ugomvi, kisha hakukosea tena. Na maneno yakaongezeka. Mzee alimtuma sungura aseme kingo za chungu ni ndefu, zinamkwaruza tumbo. Veronika akazisaga kwa jiwe mpaka zikawa fupi na laini, kama alivyofundishwa na mama yake. Mzee akamtuma sungura aseme ndaga fijo, asante sana.

"Kalulu, mwambie mwenye jiko maharage ya jana yalikuwa na mawe."

"Kalulu, mwambie babu ayamung'unye, meno yake machache hayo yanatosha."

Mzee alicheka mpaka akakohoa kikohozi cha kweli, na Veronika akajificha kwa mazoea, kisha naye akacheka. Miaka yote ya ndoa hakujua kwamba baba mkwe wake ni mcheshi. Siku moja Gideoni alirudi ghafla akamkuta anaongea na ukuta.

"Unaongea na nani?"

"Na sungura."

Gideoni aliangalia huku na huku, sungura hayupo. Hakuuliza zaidi. Ni mtu asiyependa kujua mambo yatakayomsumbua.

* * *

Siku ya balaa Gideoni alikwenda Kyela mjini na mpunga wa kukoboa, na majirani wote walikuwa msibani Ikolo. Veronika alikaa jikoni akipepeta, ungo magotini, pumba mpya zipo tayari kwenye ndoo. Chungu kilichelewa kutoka.

"Kalulu," ikasikika kutoka chumbani.

"Kalulu, mwambie babu leo amelala sana," Veronika alijibu. "Pumba zinamsubiri."

"Kalulu."

Alingoja maneno yafuate. Hayakufuata. Likaja jina lile tena, zito, kama la mtu mwenye chakula mdomoni. Kalulu. Kalulu. Veronika alicheka peke yake. Bila shaka sungura amekojoa kwenye blanketi, na mzee, ambaye hampigi, anamsuta kwa jina mpaka aone haya. "Umekosea wapi tena wewe?" alisema kwa sauti, akasimama, akachukua ndoo nyingine, akaenda kisimani. Alirudi taratibu, maana njia ilikuwa utelezi. Akasikia jina lile mara nyingine, dogo sasa, na hata hapo hakushtuka. Akawasha moto. Kukawa kimya, naye akafurahi kwamba yameisha.

Ndipo sungura alipotoka. Mlango wa mzee ulikuwa wazi kidogo, kama alivyouacha kila alfajiri hewa ipite, na sungura akapenya, akavuka uani akiwa na pumba zilizoganda miguuni, akaingia jikoni, akachuchumaa kando ya figa, akakojoa.

Veronika aliinua mkono amfukuze, mkono ukabaki hewani. Mnyama huyu hajakojoa nje ya chungu tangu alipokijua. Hawezi kukiacha chungu chake labda kiwe hakipo. Au kiwe na kitu juu yake.

"Yesu wangu," alisema.

Alimpigia Gideoni. Simu haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akatoka barabarani akaita majirani kwa majina, na nyumba zote zikamjibu kwa kuku tu. Akarudi akasimama mbele ya mlango ule ambao hajawahi kuugusa ila kwa kuugonga. Miguu ilikataa. Tusiseme alikuwa mjinga. Mwiko ulioushika tangu siku ya harusi huuachi kwa kuwa umetaka. Lazima miguu ikubali kwanza.

"Baba?" aliita. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia yeye mwenyewe.

Hakujibiwa, akaingia.

Mzee Asegelile alikuwa sakafuni, kaangukia ubavu, chungu kimevunjika chini yake, pumba zimetapakaa mpaka kwenye nywele. Alikuwa na fulana tu. Chini hakuwa na kitu. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, mate yanachuruzika, na jicho lilipomwona aliyeingia ni nani, likajaa woga ambao Veronika hajawahi kuuona kwa mtu mzima. Mzee akainua mkono mmoja uliobaki na nguvu, akajifunika. Hakujifunika kiuno. Alijifunika uso.

Veronika alipiga kelele. Kelele ile haikuwa ya kuita watu; ilimtoka tu. Akavua kanga yake ya kiunoni, akamfunika nayo, na wakati anaikunja chini ya mapaja yale membamba ndipo akili ilipomrudia na kumpiga usoni. Mtu huyu hakuwa anasuta sungura. Alikuwa sakafuni tangu asubuhi, anaomba msaada kwa njia pekee waliyoachiwa. Alikuwa ananiita mimi, aliwaza Veronika, nami nikaenda kuchota maji.

* * *

Hezroni wa bodaboda alipita, akasimamishwa kwa mikono miwili katikati ya njia. Alipoona nani amembeba nani, alikaribia kuiangusha pikipiki.

"Mama Neema! Wewe? Mkweo?"

"Nishikie miguu."

"Lakini Mama Neema..."

"Hezroni, nishikie miguu, halafu ukamtangazie umtakaye!"

Walimpakia mshikaki, mzee katikati, Veronika nyuma amemkumbatia kwa nguvu zote asianguke, kifua chake mgongoni kwa baba mkwe wake, mchana kweupe, barabara nzima. Waombolezaji waliokuwa wanarudi kutoka msibani waliwaona. Wanawake walishika vinywa. Mmoja akageuka akatazama mpunga.

Hospitalini nesi aliuliza nani wa mgonjwa. Veronika akasema, mke wa mwanawe. Nesi, naye mtoto wa hukohuko, kalamu yake ikasimama. Akaitazama kanga iliyomfunga mzee, akamtazama Veronika aliyebaki na gauni la ndani lenye kiraka.

"Kanga ni yako?"

"Ni yangu."

"Haya," nesi alisema polepole, na hakumtazama tena.

Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, na maneno yalimpotea mzee yote isipokuwa moja. Gideoni alipofika, na dada yake mkubwa Tusajigwe alipofika kutoka Mbeya, Veronika alitolewa wodini na kuambiwa arudi nyumbani wala asikanyage tena. Kila jioni Gideoni alileta habari ileile.

"Anasema kalulu tu. Kutwa nzima kalulu. Wagonjwa wanacheka. Tusajigwe analia, anasema baba amerukwa na akili, anakililia kisungura."

Veronika alijua. Alitaka kusema: si sungura anayemwita. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba alizungumza na baba mkwe wake kila siku ya Mungu, na watu walikuwa hawajamaliza kumsema kwa hili walilolijua tayari. Alinyamaza, akaona aibu kwa kunyamaza.

"Haja zake nani anamsaidia?" aliuliza.

Gideoni aliangalia chini. "Nilijaribu. Nilitapika. Tusajigwe naye anasema yeye ni mtoto wa kike, afanyeje. Manesi wakija anakaza miguu, analia. Anajibana, Mama Neema. Daktari anasema atajiharibu."

* * *

Walimrudisha nyumbani Jumamosi, na siku ileile ukoo ukakaa uani. Mzee walimketisha kwenye kiti cha mikono, blanketi hadi kifuani, katikati ya watu, kama harusi. Mdogo wake, Mzee Aliko, mzee wa kanisa mwenye kofia ya pama, ndiye aliyeongoza. Veronika hakuitwa. Alikaa jikoni nyuma ya matete, mfuko wa nguo umeshafungwa miguuni pake, akisikiliza wanavyomhukumu.

"Hatusemi ameua," Mzee Aliko alisema. "Tunasema amemwona. Amemfunika na nguo aliyoivaa. Amempakata barabarani. Huyu mwanamke aende kwao ziwani, wazazi wake walete ng'ombe wa kutakasa, ndipo tuzungumze kama anarudi."

"Angemwacha afe?" Gideoni aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Angeita watu."

"Hapakuwa na watu."

"Watu hawakosekani!" alisema Tusajigwe, ambaye siku ile hakuwepo. "Mimi nitamuuguza baba yangu mwenyewe. Nipo mpaka Jumatatu."

"Na Jumanne?" Gideoni aliuliza.

Mtu alikohoa. Gideoni alikuwa na mengine ya kusema, ilionekana shingoni, lakini akayameza, maana ndivyo alivyo.

"Kalulu," alisema mzee.

"Mleteeni kisungura chake, masikini," Mzee Aliko aliamuru. Tusajigwe alimtoa sungura chumbani akambwaga mapajani kwa baba yake. Mzee alimsukuma kwa mkono wake mzima. Sungura akadondoka, Tusajigwe akamdaka, na sungura, ambaye tangu chungu kivunjike hakuna aliyekumbuka kumwekea kingine, alikuwa amejibana kadiri ya uwezo wake. Akamkojolea. Mkojo ulishuka kwenye kitenge kipya kilichoshonwa Mbeya, kuanzia kifuani hadi magotini.

"Ananikojolea! Mungu wangu, ananikojolea!"

"Kalulu!" alisema mzee. Hakucheka hata mtu mmoja, kwa jinsi alivyolisema. "Kalulu! Kalulu!"

Veronika aliijua sauti ile. Ilikuwa ya asubuhi ile, nzito, ya mtu aliye sakafuni. Safari hii hakucheka, wala hakwenda kisimani. Aliruka mfuko wake wa nguo, akatoka jikoni, akapita katikati ya wazee wa ukoo bila kuinamisha kichwa, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akamtazama baba mkwe wake usoni.

"Naam, baba," alisema.

Mzee Asegelile akanyamaza. Bega lake likashuka. Jicho zima likatoa machozi, na safari hii mkono haukwenda usoni.

"Toka hapo!" Mzee Aliko alisimama. "Huna hata haya? Anamwita sungura!"

"Ananiita mimi." Maneno aliyaelekeza kwa Gideoni, macho yakiwa kwa mzee kitini. "Tangu mavuno ananiita hivyo. Anamtuma sungura, nami namjibu sungura. Siku aliyoanguka aliniita tangu asubuhi, nikadhani anamkaripia mnyama. Nilicheka. Mkitaka ng'ombe, dai la ng'ombe liwe hilo, la kucheka."

Uani pote watu waligutuka. Wanawake waliziba midomo. Gideoni alimtazama mke wake, akatazama ukuta wa jikoni, na ikaonekana wazi anakumbuka siku aliyomkuta akiongea peke yake. Veronika hakuwatazama. Alikuwa anatazama magoti ya mzee yaliyobanana chini ya blanketi, na vidole vya mkono mzima vilivyoshika kiti mpaka vikawa vyeupe. Walimweka pale tangu walipomshusha garini, watoto wake, wajukuu wa ndugu yake, mke wa mwinjilisti, wote wamemzunguka.

Alitaka kuwaambia. Lakini Mzee Aliko naye kwake ni baba mkwe, na wale wazee wote waliokaa kwenye mabenchi ni baba wakwe, na mwanamke wa ukoo ule hawasemeshi. Basi akamgeukia sungura, aliyekuwa bado ananing'inia mikononi mwa Tusajigwe, miguu inachuruzika.

"Kalulu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "waambie wazee watupishe. Babu anataka kwenda chooni."

Walibaki wameduwaa, baadhi yao wakimtazama sungura kana kwamba kweli atasema. Kisha Gideoni akaja akashika upande wa pili wa kiti, na Mzee Aliko akavaa kofia yake, akawa wa kwanza kuondoka uani.